Blackburn Olympic: wafumaji walioling'oa Kombe London

Wachezaji wa Blackburn Olympic walioingia Kennington Oval, London, Jumamosi ya Machi 31, 1883, wengi wao walikuwa watu wa kazi za mikono. Baadhi walikuwa wafumaji wa viwanda vya pamba, na alikuwemo kibarua wa kiwanda cha kusubu chuma. Nahodha wao, Albert Warburton, alikuwa fundi bomba. Waliwakuta mbele yao Old Etonians, timu ya waliosoma Eton, shule ya watoto wa matajiri na watawala. Nahodha wa Eton, Lord Kinnaird, alikuwa akicheza fainali yake ya tisa ya Kombe la FA.

Tangu kombe hilo lianzishwe msimu wa 1871/72, halikuwahi kutoka mikononi mwa timu za kusini mwa Uingereza: maofisa wa jeshi, wanachuo wa Oxford, wahitimu wa shule za kifahari. Mfumaji angepata wapi nafasi ya kucheza? Mlango ulifunguliwa na sheria ya viwanda ya 1850, iliyoamuru kazi katika viwanda vya nguo isimame saa nane mchana kila Jumamosi. Miji ya pamba ya Lancashire ikapata mchana mzima wa mpira, na Februari 1878 timu mbili ndogo za Blackburn zikaungana na kuzaa Olympic.

Nyuma yao alisimama Sydney Yates, mwenye kiwanda cha chuma, aliyetoa fedha. Kocha aliyekuwa pia mchezaji ni Jack Hunter wa Sheffield, na huyu ndiye ninayemwona kuwa mtu muhimu kuliko wote katika kisa hiki. Kabla ya mechi kubwa aliwachukua vijana wake hadi Blackpool, mji wa pwani, wakaweka kambi. Leo timu za Dar es Salaam zikienda kambini Zanzibar hakuna anayeshangaa; mwaka 1883 jambo hilo lilikuwa geni kabisa, na wapo waliolichukia, wakisema mtu muungwana hafanyi maandalizi ya mchezo kana kwamba ni kazi.

Kambi ililipa. Kwenye nusu fainali waliwalaza Old Carthusians, timu nyingine ya wahitimu wa shule ya kifahari, 4-0. Kwenye fainali Harry Goodhart aliwatanguliza Eton, Arthur Matthews akasawazisha kipindi cha pili. Wakati Eton walizoea kupiga chenga mtu mmoja mmoja, Olympic walitandaza pasi ndefu kutoka winga hii hadi ile, wakiwachosha wapinzani. Arthur Dunn wa Eton aliumia akatoka, na kwa kuwa hakukuwa na wachezaji wa akiba, wakabaki kumi. Katika muda wa nyongeza krosi ilimfikia Jimmy Costley, msokotaji nyuzi, naye akafunga. 2-1. Hakuna timu ya wahitimu wa shule za kifahari iliyofika tena fainali.

Ushindi ulileta swali gumu: nani aliwalipa vibarua hawa mishahara waliyoipoteza wakiwa Blackpool? Mabishano kuhusu wachezaji wa kulipwa yalipamba moto hadi chama cha soka kikawaruhusu rasmi Julai 1885. Naamini haki ilitendeka, maana mchezo usiolipa hubaki wa wenye nacho. Lakini malipo hayo hayo yaliiua Olympic. Jirani zao, Blackburn Rovers, walikuwa na mashabiki na fedha zaidi, wakalitwaa kombe 1884, 1885 na 1886. Ligi ya kwanza ilipoanza 1888 ikiwa na timu 12, Blackburn iliwakilishwa na Rovers. Olympic wakaingia katika mashindano mengine yaliyovunjika kabla msimu haujaisha, wakarudi kwenye soka ya ridhaa, na mwaka 1889 wakafunga milango, miaka 11 tu baada ya kuanzishwa.

Uwanja wao, Hole-i'-th'-Wall, ulioitwa kwa jina la baa jirani, baadaye ukawa eneo la shule.