Printa inaungua! Stori fupi ya meseji za draiva

Leo tuweke kando siasa za kantini, tuongee historia ya kitu ambacho wengi tunakiona tu kikitiririka kwenye skrini: meseji ambazo draiva inaandika ili fundi ajue kimeharibika nini. Msidharau, kuna watu kadi zao zilikufa kwenye stori hii.

Tuanze na kichekesho. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ilikuwa na draiva ya printa yenye utani wa mafundi wa Unix: "lp0 on fire", yaani printa ya kwanza inaungua moto. Kweli ilikuwa inaungua? Wapi! Printa za enzi hizo zilikuwa na nyaya chache tu za kutoa taarifa. Draiva inauliza: karatasi imeisha? Hapana. Imewekwa isipokee kazi? Hapana. Mbona waya wa hitilafu unalia? Basi, inaungua! Mnaona tatizo? Badala ya kusema ilichokiona, draiva imetoa hukumu.

Tatizo la pili lilikuwa kelele. Draiva zote zinaandika kwa printk kwenye logi moja, kama abiria wote wa daladala wakiongea kwa pamoja. Ndiyo maana kila meseji ikapewa daraja, kuanzia 0 (hali ya hatari kabisa) hadi 7 (habari za kusakia makosa tu). Kwenye familia ya 2.6, iliyoanza Desemba 2003, waandishi wa draiva wakahimizwa kutumia dev_err na dev_dbg, ambazo zenyewe zinaweka jina la draiva na la kifaa. Maana ukiwa na kadi mbili zinazofanana, "imeshindikana" peke yake haikusaidii kitu.

Halafu mwaka 2009 ikaja njia ya kuwasha meseji za dev_dbg faili kwa faili, hata mstari kwa mstari, mashine ikiwa inatembea. Kabla ya hapo ulilazimika kujenga draiva upya, uipakie tena, uombe Mungu tatizo lirudi.

Sasa turudi nyuma mwaka mmoja tu. 2008, waliokuwa wanajaribu kerneli 2.6.27 kabla haijatoka rasmi walianza kulia: kadi za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zinakufa. Na si kufa kwa kuwasha upya ukapona. Memori ya kudumu ya kadi, inayotunza mipangilio yake, ilikuwa imeharibiwa. Hata ukirudisha kerneli ya zamani, kadi haifanyi kazi. Mshukiwa nani? Draiva, bila shaka! Kadi yake ndiyo maiti.

Kumbe mhusika alikuwa ftrace, chombo kipya cha kufuatilia mwendo wa kerneli. Kilikuwa kinatunza anwani za sehemu za programu ili kiziandike upya baadaye. Baadhi ya sehemu hizo zikaachiwa, na anwani zilezile zikapewa memori ya kadi. Ftrace ikaja kuandika palepale, kama mtu anayepaka rangi chumba alichohama bila kujua kina mpangaji mwingine. 2.6.27 ilitoka Oktoba 9, na siku chache baadaye ikafuata 2.6.27.1 iliyozima sehemu hiyo ya ftrace. Draiva nayo ikawekewa kufuli, memori ya kadi isiandikwe ovyo.

Kwangu mimi, printa na kadi zinasema jambo moja. Aliyelia si lazima awe mwenye kosa, na meseji nzuri haihukumu: inataja kifaa gani, kilikuwa kinafanya nini, kimejibu namba gani. Hukumu mwachie msomaji. Kwa hiyo wale wa projekti mwaka huu, kabla hujaandika "error" tupu kwenye programu yako, mfikirie atakayeisoma saa nane usiku. Huenda ni wewe mwenyewe.

Haya, maoni ruksa. Tuonane wiki ijayo!