Fuvu la Kalenga na Mengine Themanini na Matatu

Kila ninapowapeleka wanafunzi Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, hatukosi mmoja atakayesimama mbele ya kabati la kioo na kuuliza: “Dokta, tuna hakika hili ni lake?”

Nimejifunza kutolijibu swali hilo upesi.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Yanahifadhi kumbukumbu za ukoo uliojengwa kwa vita: mikuki, ngao, na fuvu la Mtwa Mkwawa, mwana wa Munyigumba aliyewaunganisha Wahehe kwa nguvu ya silaha. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, majeshi ya ukoo huu yaliangamiza msafara wa Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo. Leo Lugalo ni jina la kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam, na nina shaka kama kila anayepita langoni pake anajua lilikotoka. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mpangile, nduguye Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani, kisha wao wenyewe wakamnyonga mwaka 1897. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi 19 Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa.

Hapo ndipo kumbukumbu ya familia ilipogeuka kuwa shauri la mataifa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza. Angalia vema: kwa Uingereza, si kwa wanawe. Ikapita zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda kulitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, palipokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yakiwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalichambuliwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Miongoni mwake likachaguliwa lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge letu. Wiki tatu hazikutimia, TANU ikazaliwa. Sidai kwamba gavana aliyaona yajayo, lakini serikali ya kikoloni haikosi hesabu zake inapotoa zawadi.

Kama mwanahistoria, ushahidi huo naona ni dhaifu. Kupima vichwa ndiyo elimu iliyowafanya Wazungu wakusanye mafuvu yetu tangu mwanzo; chombo cha mwizi kikatumika kuthibitisha mali iliyoibwa. Hata hivyo, siwezi kuliita fuvu la Kalenga uongo. Ukoo ulilipokea na kulitunza, na kwa miaka hii yote watu wamekuja kuinamisha vichwa mbele yake. Huo nao ni ushahidi, ingawa si wa namna inayofungwa katika jalada.

Jambo linaloninyima usingizi ni hesabu nyingine. Themanini na nne, toa moja.

Mkwawa alikuwa na mkataba wa kimataifa nyuma yake. Wale wengine hawakuwa nao. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900, na Nduna Songea Mbano mwaka 1906. Familia na jamii zao zimekuwa zikiuliza viliko vichwa vyao. Wapo pia wasio na jina kubwa, ambao huenda walifukuliwa makaburini usiku bila mtu kujua. Nyaraka ambazo zingesaidia kuwatambua ni za Kijerumani, nyingi za mwandiko wa mkono, baadhi zikiwa Dar es Salaam na nyingine Berlin. Ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, nawauliza bila kejeli: ni wangapi katika ofisi zenu wanaoweza kuzisoma?

Katika safari yetu ya mwisho, swali la kawaida halikuulizwa. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuwa ameandika tarakimu 84 kwenye daftari lake na kuizungushia duara. Akauliza: “Hawa wengine ni wa kina nani?” Nilimwambia ukweli, kwamba ili ashiriki kulijibu itambidi ajifunze Kijerumani kwanza.

Ameanza. Wiki iliyopita alikuja ofisini kwangu kuomba kamusi.