Nyimbo za Kale za Sinema za Kihindi na Watu Wake

Apendaye nyimbo za kale za sinema za Kihindi hawezi kuzizungumza kwa muda mrefu asitaje majina. Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Mukesh, Talat Mahmood: huyatamka kwa heshima, kama atajaye wazee wa ukoo wake. Majina hayo hayakupatikana kwa urahisi. Ulikuwako wakati ambapo sauti ilijulikana mji mzima na mwenye sauti asijulikane.

Sinema ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931, nayo ilikuwa na nyimbo saba. Hakuna nakala yake inayojulikana kuwapo leo. Siku zile mchezaji aliimba mwenyewe, na wapiga ala walijificha pembeni, kwa kuwa sauti na picha zilinaswa kwa pamoja. Mwaka 1935 kampuni ya New Theatres ya Calcutta ilijaribu njia nyingine katika sinema ya Dhoop Chhaon: wimbo ulinaswa kwanza, kisha mchezaji akaufuata kwa midomo tu. Njia hii ilienea. Uso mzuri haukuhitaji tena koo zuri. Na koo zuri, kwa upande wake, likakosa jina.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1949, ilipotoka sinema ya Mahal. Wimbo wake mmoja ulishika watu kila mahali, lakini juu ya santuri mwimbaji aliandikwa kuwa ni Kamini. Kamini hakuwa mwimbaji. Lilikuwa jina la mwanamke wa hadithini, ambaye Madhubala alimwigiza. Wasikilizaji waliandika barua kwa redio kuuliza ni nani hasa aliyeimba, hata jina la Lata Mangeshkar likatangazwa. Inafaa kukumbukwa kwamba heshima hiyo ilianza kwa watu wa kawaida wenye kalamu na stempu, wala si kwa wenye sinema. Tuzo za Filmfare zilizoanza mwaka 1954 hazikuwa na fungu la waimbaji mpaka mwaka 1959.

Wasikilizaji hao hao walipata mtihani mwingine. Mwaka 1952 B. V. Keskar alikuwa waziri wa habari na utangazaji wa India, naye alizidharau nyimbo za sinema, akizipenda za jadi. Chini yake redio ya serikali ilizipunguza mno. Watu hawakuacha kusikiliza. Waligeuza tu kitufe cha redio wakaitafuta Radio Ceylon, ambako kipindi cha Binaca Geetmala kilianza mwaka huo huo, kikiongozwa na Ameen Sayani. Serikali ilipofungua idhaa ya Vividh Bharati, tarehe 3 Oktoba 1957, ilikuwa inawafuata wasikilizaji waliokwisha kuhama. Labda ndiyo sababu mapenzi ya kizazi kile yamedumu sana: kilichotafutwa usiku kwa mawimbi hafifu hakisahauliki upesi.

Hata hivyo, kumbukumbu hii ina kasoro yake. Mtungaji kama Shankar au Jaikishan alileta sauti ya wimbo, lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyekaa na karatasi akaandika fidla zipige nini, na tarumbeta iingie wapi. Wengi wa watu hawa walikuwa Wagoa, waliofundishwa kusoma muziki katika shule za parokia chini ya utawala wa Wareno, wakaja Bombay kupiga katika mahoteli na hatimaye katika sinema. Sebastian D'Souza aliifanya kazi hiyo kwa Shankar na Jaikishan zaidi ya miaka ishirini. Vipande vya fidla ambavyo mpenzi wa nyimbo hizo huvivumisha puani kabla hajafikia maneno aghalabu ni kazi ya mikono ya namna hii, na majina yao hayakuandikwa juu ya santuri.

Sauti hizo zilivuka bahari pia. Mombasa, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika sauti za nyimbo za sinema za Kihindi. Na waliomshangilia hawakuwa na njia ya kumjua Mgoa wa Bombay.

Anthony Gonsalves, mzaliwa wa Majorda huko Goa, alimfundisha fidla kijana Pyarelal. Mwaka 1958 alikusanya okestra kubwa Bombay ili muziki wa Kihindi na wa Kizungu upigwe pamoja jukwaani, si nyuma ya picha. Pyarelal alipokuwa mtungaji mashuhuri pamoja na Laxmikant, alimkumbuka: katika sinema ya Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977, wimbo mmoja ulilitaja jina la mwalimu wake wazi. Watu waliuimba wakicheka, wengi wao wakidhani jina hilo limebuniwa. Wakati huo mwenyewe alikuwa amekwisha kuiacha kazi ya sinema. Alirudi Majorda, akaishi huko kimya mpaka alipofariki mwaka 2012.