Kukaa kwa Picha: Jinsi Wazee Wetu Walivyofundishwa Kukaa Mbele ya Kamera

Mwaka jana, kitabu chetu hiki kilipokuwa kikitayarishwa, nusura tuchape kosa kubwa. Vijana walileta picha ya zamani iliyopigwa Unguja, ya wanaume watatu. Mmoja amekaa kitini, amevaa joho na jambia. Wawili wamesimama nyuma yake, na mmoja wao ameweka mkono juu ya bega la aliyekaa. Chini ya picha vijana wakaandika kuwa aliyekaa ndiye mkubwa wa ukoo, na waliosimama ni wanawe.

Shangazi yetu mkubwa alipoonyeshwa alicheka, kisha akanyamaza. Akasema, "Huyo aliyekaa ndiye kitinda mimba wao. Siku hiyo alikuwa bwana harusi. Kaka zake wamemsimamia." Baba yao alikwisha kufariki, kwa hiyo kaka ndio waliosimama mahali pake. Lau shangazi asingalikuwapo, shina la ukoo wetu lingalichapwa juu chini, na wajukuu wangalilisoma hivyo daima.

Vijana hawakuwa na kosa la macho, maana waliiona picha vizuri. Ila hawakuambiwa kwamba mkao wa picha ni lugha, na kila lugha hufundishwa. Ndiyo maana nimeombwa nieleze kidogo khabari ya lugha hiyo, ilikotoka na jinsi wazee wetu walivyoisema.

Ufundi wa picha ulitangazwa rasmi huko Paris mwaka 1839, kwa njia ya Louis Daguerre. Yeye alitumia sahani ya shaba iliyopakwa fedha. Sahani hizo za mwanzo zilikuwa nzito wa kushika mwanga, hata mtu akitakiwa kutulia kwa dakika nzima au zaidi, na akitikisika sura yake huwa ukungu. Basi wapiga picha wakatengeneza chuma cha kusimamishwa nyuma ya mtu, chenye kikono cha kushika kisogo. Ukitazama picha za kale utaona watu wameegemea kitu, mikono imelazwa mapajani, na nyuso hazicheki. Kicheko hakiwezi kudumu dakika nzima. Tena wachoraji wa rangi waliotangulia kamera walikuwa wamekwisha zoeza watu kwamba mtu wa heshima huchorwa uso umetulia.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alieleza njia ya sahani za kioo, na muda wa kutulia ukapungua ukawa wa sekunde. Mwaka 1854 Mfaransa Disdéri akapata hati ya haki ya picha ndogo zenye ukubwa wa kadi, ambazo watu wengi waliweza kuzinunua na kupeana. Hapo ndipo studio zilipojaa nguzo za uongo, mapazia na viti vya kuchongwa. Vitu hivyo vilikuwa na kazi zaidi ya pambo. Meza ilikuwa ya kuegemea, na mgongo wa kiti ulikuwa wa kushikwa na aliyesimama ili asiyumbe. Katika miaka ya 1880 zilienea sahani kavu zilizo nyepesi zaidi kushika mwanga, na chuma cha kisogo kikaacha kuhitajiwa. Lakini mkao ukabaki. Jambo lililoanza kuwa dawa ya kutikisika likageuka alama ya ubwana.

Pwani yetu haikuchelewa. Mfaransa Charles Guillain, katika safari yake ya miaka ya 1846 hadi 1848, alifika Unguja na chombo cha Daguerre. Kabla ya karne ya 19 kwisha palikuwa na studio mjini Unguja, nazo nyingi zilikuwa za watu wa Goa, kama Gomes na Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na baadaye mwanawe Rohit akaishika kazi hiyo. Mombasa ilikuwako studio ya Parekh, na Lamu ilikuwako ya Omar Said Bakor. Nyumba nyingi za jamaa zetu zina picha zilizotoka katika mikono ya mafundi kama hao.

Mtu aliyekwenda studio siku hizo alikwenda kama anayekwenda kwa mwalimu. Fundi ndiye aliyemkalisha. Alimwambia ageuze bega upande kidogo, kisha uso urudi kwenye kamera, kwani mabega yakielekea mbele sawasawa mtu huonekana mpana kama mlango. Kidevu kishuke kidogo, maana kikiinuliwa mtu huonekana mwenye kiburi. Akisimama, uzito wa mwili uwe juu ya mguu mmoja. Mikono ipewe kazi, kwani mkono usio na kazi hauna raha: ushike bakora, kitabu, shada la maua, au uegeshwe mezani ili saa mpya ionekane. Wakiwa watu wengi, vichwa visiwe katika mstari mmoja kama chupa dukani, bali mmoja awe juu, mwingine chini, jicho lipate njia ya kupita. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Picha ya babu aliyekaa kwa raha kama yuko barazani kwake huenda ilimgharimu fundi robo saa ya kumrekebisha.

Lakini wazee wetu hawakupokea kila waliloambiwa. Waliingia studio na adabu zao. Kijana hakuweka mguu juu ya mguu mbele ya mkubwa wake, hata fundi akitaka. Unyayo haukuelekezwa kwa mtu. Kiti kimoja kikiwapo, hukalia mkubwa, ila siku ya harusi, ambapo bwana harusi hupewa kiti na wakubwa humsimamia. Neno letu lenyewe limesema yote: kusimama nyuma ya mtu na kuwa msimamizi wake ni jambo moja. Marafiki wawili wa kike waliovaa kanga za sare walikuwa wanatangaza ushoga wao, na mwenye kujua hakuhitaji kuambiwa.

Picha za wanawake zina hukumu yake peke yake. Wengi walipigwa bila buibui, kwa nguo za harusi au marinda, kwa sharti kwamba picha itakaa sandukuni na kuonwa na mashoga na maharimu tu. Kwa hiyo kukuta picha ya bibi kichwa wazi hakuna maana kwamba bibi hakujali stara. Maana yake ni kwamba alimwamini atakayeishika. Leo mwenye kuishika ni sisi.

Nasi tuliohama tuna mfano wa mbali katika jambo hili. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani, alipigwa picha huko Hamburg na mpiga picha H. F. Plate akiwa amevaa nguo za kwao. Katika mji ule alikuwa akiitwa Emily Ruete na kuvaa kama wanawake wa Kijerumani. Wengine huiona picha hiyo kuwa ni pambo tu la kuwafurahisha wageni. Mimi kila nikiitazama naona mtu aliyetaka ibaki karatasi moja inayosema alikotoka.

Jamaa zetu nao waliondoka, wengi wao baada ya Januari 1964, na wengi hawakuweza kuchukua sanduku la picha. Picha ya mwisho waliyopigwa nyumbani mara nyingi ilikuwa ya pasi: uso mbele sawasawa, bila kiti, bila shada, bila kaka wa kusimama nyuma. Ni mkao usiosema mtu ni mtoto wa nani. Pengine ndiyo sababu, walipofika Maskati, Dubai na hapa Uingereza, jambo moja walilolifanya mapema lilikuwa kwenda studio wakakaa tena kwa mpango, mama kitini, watoto kwa vimo vyao, na picha moja ikatiwa katika barua kupelekewa waliobaki.

Siku hizi kila mmoja wetu ana kamera katika simu yake, na tunapiga picha nyingi kwa siku moja kuliko alizopigwa babu maisha yake yote. Silaumu. Kicheko cha mtoto kilichonaswa bila yeye kujua ni neema ambayo Daguerre hakuweza kuipata. Lakini tukikutana Idi au harusini, na tuchukue robo saa moja tukae kwa mpango: wakubwa wapewe viti, wenye kuwasimamia wawe nyuma yao, na kila mmoja ajue kwa nini yuko pale alipo.

Na lililo kubwa zaidi, nawaomba wenye picha za zamani waende nazo kwa wazee wangali hai. Msiwaulize "Nani huyu?" peke yake. Waulizeni pia: kwa nini huyu amekaa na yule amesimama? Siku hiyo palikuwa na nini? Picha hii yafaa kuonwa na nani? Kisha yaandikeni majibu nyuma kwa kalamu ya risasi laini, bila kukandamiza, maana wino huvuja na kutokeza upande wa uso.

Picha ya ndugu watatu imo katika kitabu hiki, na maelezo yake yamesahihishwa. Picha ya bibi yao, ambayo shangazi aliitoa sandukuni siku hiyo hiyo, haimo. Alituonyesha, tukaitazama sote chumbani, kisha akaifunga tena katika kitambaa chake. Atakaye kuiona aende kwake amwamkie.