Upande wa Mama: Nasaba ya Virangozi wa Misafara katika Nchi ya Masasi na Newala

Kati ya virangozi waliopita nchi ya Masasi na Newala katika karne ya 19, James Chuma ndiye aliyeandikwa zaidi, na bado ukoo wake haujulikani. Alikuwa Myao, mzaliwa wa upande wa Ziwa Nyasa, yapata mwaka 1850. Baba yake, Chimilengo, alikuwa mvuvi. Mama yake aliitwa Chinjeriapi. Julai 1861 alikombolewa kutoka msafara wa watumwa katika bonde la mto Shire, akalelewa na wamisionari Magomero, kisha mwaka 1864 mmisionari David Livingstone akampeleka Bombay, akasoma na kubatizwa huko. Baada ya hapo safari zake zinafuatika karibu hatua kwa hatua. Mwaka 1866 alishuka Mikindani pamoja na Livingstone, wakapita kandokando ya uwanda wa Makonde, ambako vichaka vilisongamana hata ikabidi wenyeji waajiriwe kuvifyeka. Mwaka 1873 yeye na Abdallah Susi waliongoza kundi lililobeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo hadi pwani. Aliongoza misafara ya Askofu Edward Steere, na mwaka 1879 alikuwa mnyapara mkuu wa msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson. Alifia Unguja mwaka 1882.

Karatasi, basi, zipo tele. Lililopungua ni swali. Walioandika habari za Chuma walitaka jina la baba, kabila na tarehe ya ubatizo, wakaona mtu amekamilika. Kwa Myao wa wakati ule mtu huyo alikuwa hajatambulishwa bado. Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera huhesabu ukoo kwa mama. Mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba, kaka wa mama. Urithi na cheo hushuka kwa mpwa. Mmakua atakuuliza nihimo yako, Mmakonde litawa lako, yaani ukoo wako, na yote mawili umeyapata tumboni mwa mama. Jina la Chinjeriapi tunalo, lakini kaka yake hakutajwa wala mbumba yake, yaani kundi la dada na watoto wao chini ya kaka yao, haikuulizwa, na ufunguo ulikuwa huko.

Kasoro hii si ya Afrika Mashariki peke yake. Huko Amerika ya Kaskazini, Christopher Gist, aliyemwongoza George Washington mwaka 1753 kwenda ngome ya Wafaransa karibu na Ziwa Erie, ni mfano bora wa mpelelezi wa mipakani ambaye ukoo wake unafuatika: kuna shajara, hati za ardhi na wana waliobeba jina lake. Mwanawe Nathaniel anatajwa mara nyingi kuwa baba wa Sequoyah, aliyewabunia Wacherokee maandishi yao na kuyakamilisha mwaka 1821. Suala la ubaba huo limeleta mabishano marefu. Lakini Wacherokee nao walihesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo kwao Sequoyah alikuwa na kwao hata baba yake angekuwa nani. Mtafiti anayeshuka na jina la Gist peke yake humfikia Sequoyah kama fumbo. Anayepanda upande wa mama humkuta nyumbani.

Turudi kwa mwenzake Chuma, Wikatani, aliyesoma naye Bombay. Mwaka 1866, walipofika kusini mwa Ziwa Nyasa, Wikatani alikutana na ndugu yake, akasikia habari za ndugu wengine, akaamua kubaki. Livingstone alimsihi asibaki, kwa kuwa kijana huyu alikuwa ameuzwa na baba yake mzazi. Naona uamuzi ule haukuwa wa kitoto hata kidogo. Baba aliyemuuza hakuwa ukoo mzima. Chuma aliendelea na safari, na kutokea siku ile historia yake imekuwa historia ya mabwana aliowatumikia.

Hapa, hata hivyo, sheria ya upande wa mama inagota, na lazima tuseme wazi ni wapi. Mwaka 1876 Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wengi wao asili yao ikiwa nchi za Ziwa Nyasa. Mwanamke aliyekuwa mtumwa alikatwa na kaka zake. Watoto wake hawakuwa na mjomba wa kuwasemea, na katika nyumba za wakubwa wa Kiyao watoto wa namna hiyo walihesabiwa upande wa baba. Anayetafuta asili ya familia za Masasi ya mwanzo ataikuta mistari ya baba iliyozaliwa na utumwa, wala asiidhanie kuwa desturi ya kale. Kisha mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi na kuchukua mateka. Waliosalia wengi walihamia Newala, kwa mkuu wa Kiyao Matola. Vita vya Maji Maji vya 1905 viliiteketeza tena misheni ya Masasi.

Mwaka uliofuata Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alizunguka Masasi, Chingulungulu na Newala akiandika masimulizi ya wazee. Mwaka 1919 kasisi Yohanna Abdallah, Myao mwenyewe, alichapisha historia ya Wayao kwa Kiyao. Maandiko haya mawili yasomwe pamoja na madaftari ya ubatizo, na madaftari yasomwe kwa kuanzia safu ya mama na ya wadhamini, ambazo watafiti wengi huziruka. Ikumbukwe pia kwamba mwanamume mmoja angeweza kuwa na jina la utoto, jina la jando na jina la ubatizo, akaonekana watu watatu katika karatasi.

Kazi ya uwandani ndiyo ya haraka kuliko zote. Wazee wa kike wa Masasi na Newala wanaulizwa habari za unyago, mara chache habari za nasaba. Waulizwe nani alikuwa mjomba wa nani, nani aliletwa bila mjomba, na ni ukoo gani uliompokea.