Unasaka Gia Adimu Kwenye Gemu na Uko na Job ya Asubuhi? Soma Hii Kwanza

Wera imekushika mchana kutwa. Unafika keja saa mbili usiku, unamada, unawasha mashine, na umebakisha masaa mawili kabla usingizi ikubebe. Umeingia World of Warcraft tu kupumzika. Halafu hapo mjini msee anakupita na farasi mfu mwenye mabawa, anang'aa buluu kama stima ya welding. Unamuuliza amemtoa wapi. Anakujibu: "Bahati tu, buda."

Jibu yake ni nusu ya ukweli. Hiyo nusu ingine ndio itakusaidia usitupe doo na usiku zako bure, ju hawa watengenezaji wa gemu wamekupigia hesabu tangu siku ya kwanza.

Tuanze na rangi

World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, imetengenezwa na Blizzard Entertainment ya California. Kila kitu unachookota humo kina rangi. Kijivu ni takataka ya kuuzia muuza duka. Nyeupe ni ya kawaida, kijani ni afadhali, buluu ni adimu, zambarau ndio ya wababe, na rangi ya machungwa ni ya hadithi. Ukisikia wasee wakisema "nimepata zambarau," hawaongei kuhusu nguo ya harusi. Gemu nyingi zenye unacheza kwa simu leo zinatumia ngazi ya rangi inayofanana na hii, kwa hivyo ukielewa hii moja utaelewa zile zingine haraka.

Gia kubwa inajifunga kwako ukiiokota tu. Huwezi kuuza, huwezi kumpea mtu wako. Ndio maana ukiona mtu ameivaa unajua kuna mlango alipitia, na ndio maana inauma ukiikosa.

Vile ilikuwa kitambo: watu 40, vitu viwili vitatu

Miaka ya kwanza, gia safi ilikuwa ndani ya Molten Core, pango la moto lenye lilihitaji kikosi cha watu 40. Sio watu 40 wa kuokota njiani: 40 wanaojuana, wenye wameingia saa moja, wanaskiza kiongozi mmoja. Mnaangusha bosi, anatoa vitu viwili vitatu. Watu ni 40. Fanya hiyo hesabu mwenyewe.

Upanga uliochizisha watu sana ni Thunderfury. Ulihitaji vipande viwili kutoka kwa mabosi wawili wa hilo pango, Garr na Baron Geddon, na kila mmoja alitoa kipande chake mara tatu au nne hivi kwa kila mia. Hao mabosi unawaua mara moja tu kwa wiki. Ukishapata vipande, bado kuna madini ya kuyeyusha, na bado kuna kitu cha kutolewa kwa Ragnaros, bosi wa mwisho. Kuna vikosi vilipata kipande cha kwanza vikakaa mwaka mzima bila kuona cha pili, na mwenye anashikilia hicho kimoja hawezi hata kuhama kikosi, ju ataanza upya na watu wasiomjua.

Kugawana pia ilikuwa ngori. Mfumo wenye vikosi vingi vilitumia unaitwa DKP, yaani pointi za kuua joka. Ulizaliwa kwenye EverQuest, gemu ya 1999, wakati wachezaji walichoka kupigania vitu vya majoka mawili. Ukihudhuria unapata pointi, ukitaka kitu unalipa na pointi. Inafanana na chama ya akina mama: mwenye amechanga ndio anakula. Haki iko. Lakini haki ya chama inamfaa mwenye anahudhuria kila mkutano, na wewe wa mara moja kwa wiki unakaa mkia milele.

Kwa msee wa Nairobi kuna kitu ingine. Serva zenye ziko karibu na sisi ni za Ulaya. Kikosi kikisema kinaanza saa mbili usiku saa za Paris, hapa ni saa tatu wakati wa kiangazi chao, na saa nne wakati wa baridi, ju wao wanasongesha saa na sisi hatusongeshi. Wanamaliza saa saba usiku. Na stage ya mat inakungoja saa kumi na moja asubuhi.

Mlango ulifunguliwa pole pole

Sio ati Blizzard walikuwa vipofu. Walijenga Naxxramas mwaka 2006, ngome kubwa ya watu 40, na wachezaji wachache mno ndio waliingia hadi ndani. Kujengea watu wachache nyumba ya gharama hivyo ni hasara. Mwaka 2007 wakashusha vikosi hadi 25, na vingine 10. Mwaka 2008 Naxxramas ikarudishwa, safari hii watu 10 wanatosha.

Mabadiliko makubwa yalikuja Novemba 2011. Waliweka kitu kinaitwa Raid Finder: unabonyeza kitufe, gemu yenyewe inakutafutia wasee 24 wenye hujawahi kuona, mnaingia, mnapigana na mabosi waliorahisishwa, mnaachana. Wababe walipiga kelele sana. Walisema gia imekuwa ya bure. Mimi siwaonei huruma, ju gia yao ilibaki na nguvu kuliko hiyo ya kubonyeza kitufe. Chenye walipoteza ni kuwa peke yao kule ndani.

Shida ya mwanzo ilikuwa watu 25 wasiojuana kurusha kete juu ya kitu kimoja. Mtu alikuwa anachukua upanga wenye hata hauhitaji, anahepa. Mwaka 2012 ikarekebishwa kwa Raid Finder, kila mtu akapigiwa bahati yake pekee yake, na matusi yakapungua. Hayakuisha.

Siku hizi hali ni poa zaidi kwa mtu wa job. Tangu Agosti 2024 kuna Delves, mapango madogo yenye unaweza kuingia solo, na mhusika wa gemu akikusindikiza. Ukipanda ngazi za juu humo unapata gia yenye kitambo ingehitaji timu nzima. Na kuna hazina ya kila wiki inayoitwa Great Vault: kadiri unavyofanya mob wiki hii, ndivyo wiki ijayo utapewa vitu vingi zaidi vya kuchagua. Unachagua kimoja. Hata kama bahati ilikukataa wiki nzima, hapo hutoki mikono mitupu.

Sasa hesabu ya yule farasi

Hapa shikilia kiti. Yule farasi anaitwa Invincible. Anatoka kwa Lich King, kwenye kikosi cha watu 25, kiwango kigumu. Enzi zake alikuwa anatoka kila mara bosi akianguka, farasi mmoja kwa watu 25. Baadaye gemu ilisonga mbele, wachezaji wakawa na nguvu, na bahati ikashushwa hadi karibu 1 kwa 100. Leo unaweza kumuua huyo bosi solo. Inachukua nusu saa hivi. Ni mara moja kwa wiki kwa kila mhusika.

Wengi wanafikiria 1 kwa 100 inamaanisha ukijaribu mara 100 lazima upate. Hapana. Chukua wachezaji 1,000, kila mmoja ajaribu mara 100. Watu kama 366 watatoka bila farasi. Kufika nusu kwa nusu unahitaji majaribio 69. Ukitaka uwezekano wa 90 kwa 100, ni majaribio 230. Na jaribio la 231 halikumbuki yale 230 ya nyuma. Bosi hana huruma na hana kumbukumbu.

Weka hiyo kwa kalenda. Mhusika mmoja, mara moja kwa wiki: majaribio 69 ni mwaka na miezi minne. Bei ya Marekani ya kucheza ni dola 14.99 kwa mwezi, karibu shilingi 1,900 na kitu kwa kiwango cha siku hizi. Miezi 16 ni kama thao 31. Kwa hiyo doo umenunua nusu ya uwezekano wa kupata farasi wa kuchorwa. Kama ulikuwa unacheza hata hivyo, unafurahia, sawa. Kama unalipia tu kwa sababu ya farasi, sare hiyo mambo leo.

Wale wanaompata haraka hawana uchawi. Wana wahusika 10. Wahusika 10 kwa wiki ni majaribio 69 ndani ya wiki 7. Lakini ni masaa matano kila wiki ya kuua bosi yule yule, mlango ule ule, na kwanza uwe umewapandisha hao wote 10. Ndio ile nusu ya jibu yenye huyo msee hakukuambia.

Mbona huwezi kuacha

Mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Harvard alifungia njiwa kwenye sanduku lenye kitufe. Njiwa akipewa chakula baada ya idadi ile ile ya kugonga, anagonga, anapumzika. Akipewa bila kujua ni mgongo wa ngapi utaleta chakula, anagonga bila kupoa, na hata chakula kikikatwa anaendelea kwa muda mrefu. Ukishakaa na watu wa kubet unajua hiyo sura. Tofauti ni kwamba kwa World of Warcraft kila jaribio unalipa na wakati, halafu unalipa kwa mwezi. Kwa gemu zingine za simu unalipa kila unapogonga.

Mfano ni Genshin Impact, iliyotoka Septemba 2020. Bahati ya kupata mhusika wa nyota tano ni 0.6 kwa 100 kila ukivuta. Afadhali wao wameweka ukomo: ukifika mvuto wa 90 lazima upewe mmoja. Si lazima awe ule ulikuwa unataka. China iliamrisha kampuni zitangaze hizi namba kuanzia Mei 2017, na Ubelgiji mwaka 2018 ilisema masanduku ya bahati ya kulipiwa kwenye gemu kadhaa ni kamari. Kwa hivyo kabla hujatuma hata soo moja, tafuta ukurasa wa uwezekano ndani ya gemu. Huwa umefichwa chini kabisa kwa maandishi madogo. Ukikosa kuuona, weka simu chini.

Njia za mkato zenye zitakuchoma

Utaona watu wakiuza dhahabu ya gemu kwa bei ya kutupa, ama msee anasema mpee akaunti na nywila akupandishie. Usijaribu. Kuuza na kununua dhahabu nje ya gemu ni kinyume cha sheria za Blizzard, na akaunti ikifungwa inaenda na kila kitu, pamoja na miaka yako. Mara nyingi hiyo dhahabu imetolewa kwa akaunti za watu walioibiwa.

Njia halali iko tangu 2015, inaitwa WoW Token. Mwenye doo anainunua kwa pesa halisi, anaiuza ndani ya gemu kwa dhahabu. Mwenye dhahabu anainunua, anapata siku 30 za kucheza. Kama una muda na huna ganji, hapo ndipo mambo yako yapo.

Kwa msee wa masaa mawili, form ni hii

Tenganisha gia ya nguvu na gia ya kuonekana. Ya nguvu inachakaa: toleo jipya likitoka, ile zambarau ulisotea miezi sita inapitwa na kijani ya kuokota njiani. Usikeshe kwa hiyo. Wacha Delves na Great Vault zikupee yenye inatosha.

Ya kuonekana haichakai. Tangu hiyo Novemba 2011 unaweza kuvalisha gia mpya sura ya ile ya zamani, na farasi ukimpata anakuwa wa wahusika wako wote. Hapo ndipo masaa yako machache yana thamani, ju mabosi wa zamani unawaua solo, saa yoyote, bila kungoja Paris iamke. Hata stima ikipotea, hakuna watu 24 wa kukutusi.

Chagua kitu kimoja. Sio tano. Jua bosi wake, jua uwezekano wake, kisha uamue mapema ni majaribio mangapi utafanya kabla ya kusare. Andika hiyo namba mahali, ju ukifika hapo moyo utakuambia "moja tu ya mwisho." Na tafuta kikosi chenye kimeandika wazi kuwa kinacheza siku moja kwa wiki. Viko vingi, vimejaa watu wenye watoto na zamu za usiku, na wakikuona umekosa wiki mbili hawakuulizi maswali.

Serva za Ulaya zinaanza wiki mpya Jumatano asubuhi. Mabosi wote wanafufuka, pamoja na yule mwenye farasi.