Ndovu, Paa na Sheria: Nani Alichagua Risasi?

Meli iendayo Kilindini haina njia nyingine. Hupita mlango wa bahari ulio kati ya Ras Serani na bara ya Likoni, na aliyekaa Shelly Beach huiona ikigeuza omo kuingia bandarini. Tarehe 21 Aprili 1909 iliyoingia ilikuwa Admiral, meli ya Kijerumani, na abiria aliyesubiriwa alikuwa Theodore Roosevelt, wiki chache tu baada ya kuacha urais wa Marekani. Alikuja kuwinda.

Silaha alizobeba zinaonyesha jinsi wawindaji wa wakati ule walivyowapanga wanyama kwa ukubwa. Bunduki ya marisaa, kazi ya Fox, ilikuwa ya ndege. Springfield ya kaliba .30-06 ilikuwa ya swala na wenzake. Winchester ya .405, yenye risasi ya gramu 19 hivi, aliiamini zaidi kwa simba. Na kwa ndovu, kifaru na nyati alikuwa na Holland & Holland ya mitutu miwili, kaliba .500/450, zawadi kutoka kwa marafiki wa Uingereza, inayotupa risasi ya gramu 31. Namba hizo ni za kipenyo kwa inchi: .405 ni kama milimita 10, na .450 ni milimita 11 na ushei. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, kwa leseni iliyokuwa ikiuzwa pauni 50, fedha ambayo mkulima wa Likoni asingeiona maishani mwake.

Wanaosimulia uwindaji hupenda kusema kwamba ukubwa wa mnyama ndio unaochagua risasi. Kwa sehemu ni kweli: suguya ana kilo tano, ndovu dume hufika kilo elfu sita, na mtu mwenye akili hawezi kuwapiga kwa kitu kimoja. Lakini ukiifuata historia yenyewe tangu pwani hii, unakuta sheria, woga na biashara ya mafundi bunduki wa London vimesema zaidi kuliko mnyama.

Anza na gobori. Misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa kutafuta pembe katika karne ya 19 iliitegemea bunduki hiyo ya kushindilia: baruti, tambara, gololi ya risasi, kisha fataki au jiwe la kuwashia. Kubadilisha windo hakukuhitaji kununua bunduki nyingine. Kwa kanga na kwale ulimimina marisaa. Kwa paa ulitia gololi moja na baruti ya kiasi. Kwa ndovu ulizidisha baruti na kuomba Mungu mtutu usipasuke. Wazungu nao walitumia mfumo huohuo, ila kwa kiwango cha kutisha. Walihesabu ukubwa wa mtutu kwa idadi ya gololi zinazopatikana katika ratili moja ya risasi, kwa hiyo namba ikiwa ndogo, gololi ni kubwa. Ya namba 8 ilikuwa na gramu 57. Ya namba 4, gramu 113. Frederick Selous aliwinda ndovu kusini mwa Afrika kwa magobori ya namba 4 katika miaka ya 1870, na teke la bunduki hizo liliwaumiza watu mabega. Baruti nyeusi haikuweza kuipa risasi mwendo mkubwa, basi dawa pekee ilikuwa uzito.

Halafu ikaja sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingizwa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, pwani yetu ikiwamo. Bunduki ya jiwe iliruhusiwa. Ya kupakia nyuma na yenye mtutu wa mifuo ikawa ya serikali na ya wenye kibali. Mkataba ulielezwa kuwa ni wa kupiga vita utumwa, na sehemu hiyo haina ubishi. Lakini pia ulimbakiza mwindaji Mwafrika na gololi wakati ambapo mgeni aliyeteremka Mombasa alibeba teknolojia mpya kabisa.

Teknolojia hiyo ilikuwa kordaiti, baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi mara kadhaa. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa .450 Nitro Express, na bunduki za namba 4 zikawa mapambo ya ukutani. Risasi nyembamba iendayo kasi ilipenya kuliko donge kubwa liendalo polepole. Tatizo moja lilihusu hali ya hewa kama ya kwetu: kordaiti ikipata joto, msukumo ndani ya mtutu hupanda, na ganda la risasi huweza kung'ang'ania chemba. Ndiyo sababu viwanda vilitengeneza risasi za nchi za joto, zenye baruti iliyopunguzwa, na ndiyo sababu .416 ya Rigby, iliyotoka 1911, ilipewa ganda kubwa ili msukumo ubaki mdogo.

Bunduki ikikataa kulia, kaliba haisaidii kitu. Mwaka huohuo wa 1898, John Henry Patterson, mhandisi wa daraja la reli ya Uganda pale Tsavo, alikabiliana na mmoja wa simba wala watu kwa bunduki nzito aliyoiazima, akiamini inashinda .303 yake ya kila siku. Risasi ya kwanza haikulipuka. Arthur Neumann, mwindaji wa pembe, yalimkuta mabaya zaidi: siku ya mwaka mpya wa 1896, kaskazini karibu na Ziwa Rudolf (Turkana ya leo), Lee-Metford yake ilikataa mbele ya ndovu jike, akapondwa na kunusurika kwa shida.

Zaidi ya kipenyo kuna umbo la risasi yenyewe, na hapa ndipo utaalamu hasa ulipokuwa. Risasi ngumu, iliyovikwa koti la metali mpaka nchani, haibadiliki umbo. Hutoboa na kuendelea. Hiyo ni ya ndovu, kwa sababu ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene uliojaa vyumba kama sega la nyuki. Risasi ya ncha laini hufunguka ikigonga nyama na kuacha jeraha pana. Hiyo ni ya simba, chui, palahala na kulungu: wanyama wa ngozi nyepesi, ambao risasi ngumu ingewapita na kuwaacha wakimbie wakiwa na uhai. Kwa nyati wengi walitanguliza laini na kufuatisha ngumu. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague yalitangaza kuacha risasi za kufunguka katika vita baina yao. Porini hakuna aliyezikataza, na mpaka leo ndizo za kawaida kwa uwindaji.

Kisa ninachokipenda katika historia hii hakitoki hata Afrika. Karibu na 1907 Waingereza walipiga marufuku kaliba ya .450 nchini India, wakihofia risasi zake zingetumika katika bunduki za kijeshi za Martini-Henry zilizokuwa mikononi mwa wapinzani wao. Wenye viwanda wakaja na .465, .470 na .475, tofauti ya unywele. Wawindaji wa Kenya wakazinunua na kubishana miaka na miaka ipi inamfaa ndovu zaidi, na hali zilizaliwa kwa hofu ya maasi ya Wahindi. Ndovu hakuulizwa.

Mtu aliyeuvuruga ubishi huo ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyefika pwani hii akiwa kijana mdogo na kupewa kazi ya kuilinda reli dhidi ya simba. Baadaye aliwinda Karamoja, na kwa jumla aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 ya Rigby: milimita saba, risasi ngumu ya gramu 11. Alipasua mafuvu ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazama, kisha akapiga hapo tu. Aliwahi kumiliki bunduki nzito, akaona mlio na teke lake havimwongezei chochote. Ila asifuatwe kijinga: Bell alikuwa na shabaha ya nadra, na waliomwiga bila shabaha hiyo walijeruhi ndovu wengi, na baadhi ya waigaji hao wakauawa.

Nao Wawaata, wawindaji wa ndovu wa nyika iliyo nyuma ya pwani, hawakuhitaji hata milimita saba. Upinde wao mrefu ulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuuvuta. Mshale ulipakwa utomvu uliochemshwa kutoka mti wa msungu, kisha ukafungwa kwa ngozi ili sumu isikauke, na Wagiriama walijulikana kwa kuipika na kuiuza. Mwindaji alisogea hatua chache tu kutoka kwa ndovu na kulenga tumbo, nyuma ya mbavu, ambako hakuna mfupa wa kuzuia. Sumu ilikwenda kwenye moyo. Kwa sheria za ukoloni ujuzi huo wote ukawa ujangili; Tsavo ikawa hifadhi 1948, na kampeni ya wasimamizi wake, David Sheldrick na Bill Woodley, ya 1956 na 1957 iliwajaza Wawaata magerezani. Kwa maoni yangu, hakuna aliyeijua kazi hii kuwashinda, na hakuna aliyelipa zaidi.

Kwa wenye leseni mambo yalinyooka. Wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao Nairobi 1934. Bunduki ya .375 ya Holland & Holland, iliyotoka 1912, ikawa ya kila kazi, na nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, zikaifanya kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Mwaka 1956 Winchester wa Marekani wakaleta .458, rahisi kuliko bunduki ya mitutu miwili ya London. Mei 1977 Kenya ikafunga uwindaji, na ubishi wa kaliba ukahamia Tanzania na kusini.

Hesabu ya kulinganisha kipimo na mnyama haikuisha, bali imehamia kwa madaktari wa mifugo. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilihamisha ndovu 150 kutoka Shimba Hills, mwendo mfupi kutoka Likoni, kwenda Tsavo Mashariki, kwa kuwa msitu ulikuwa umewazidi na mashamba ya Kwale yakaumia. Walipigwa kwa bunduki ya sindano. Daktari alikadiria umri na uzito, akachagua sindano ndefu ya kuvuka ngozi nene, akapima etofini, dawa ambayo miligramu 15 hivi humlaza dume mzima. Jike na mtoto hupata pungufu. Palahala wa msitu huohuo angehitaji sindano fupi na tone dogo. Ndovu akishapakiwa garini, dawa ya kuzindua hudungwa kwenye mshipa wa sikio, na wahudumu hutakiwa wawe wameshatoka kabla hajasimama.